Thelathini na Sita na Ziada

Tarehe 6 Februari

Dada,

Sabuni imefika, soksi zimefika. Soksi nimezikuta zimeshonewa kisigino cha pili juu ya kisigino cha kwanza, nikajua Mama amezipitia kabla hujafunga mzigo. Mwambie zinanibana kidogo ila sizivui.

Nina habari. Wameanzisha darasa la kompyuta hapa gerezani. Usicheke. Kompyuta yenyewe ni moja na sisi ni umati, kwa hiyo programu tunaziandika kwa penseli kwenye karatasi ya miraba, na Mwalimu anazisoma kwa macho. Mimi wa kuendesha lori la mchanga leo naipa mashine amri.

Kazi yetu mpaka mtihani ni hii. Mtu akibonyeza 3 halafu 6, kompyuta haioni thelathini na sita. Inaona maandishi tu, sawa na mtu aliyeandika jina lake. Ukiiambia ijumlishe maandishi yasiyo namba, programu inakufa pale pale. Kwa hiyo kabla ya hesabu yoyote lazima kwanza iulizwe: haya yaliyoandikwa ni namba kweli? Programu yangu inapita herufi moja moja. Ikikuta kitu kisicho tarakimu wala nukta, inasema HAPANA. Ikifika mwisho bila kukuta kibaya, inasema NDIYO.

Wewe una kompyuta pale dukani kwenu. Karatasi niliyoambatanisha ichape kama ilivyo, hata koma usiongeze, halafu uijaribu. Maswali ya kuijaribu atoe Mama. Mwalimu anasema mjaribu mzuri ni mtu mbishi, na mimi sikuwa na haja ya kutafuta mbali.

Kamati ya kupunguza vifungo itafungua faili langu mwezi wa saba. Afisa elimu anasema cheti cha darasa kitanisaidia. Nikijaliwa, Agosti nitakuwa nyumbani. Miguu ya Mama ikoje?

Mdogo wako,
Kitinda


Tarehe 20 Februari

Kitinda,

Programu yako ilikataa hata kuanza. Nimeikodolea macho muda wote wa chakula cha mchana, watu wamesimama na vitambulisho vyao wanataka fotokopi, kumbe umesahau nukta mbili mwisho wa mstari wa nne. Nimeziweka. Usije ukasema nimeongeza.

Mama amechukua kazi yake kwa moyo wote. Aliniamuru niandike maswali yake kwenye kiganja ili nisiyasahau njiani. Niliipa 36, ikasema NDIYO. 36.5, NDIYO. "Thelathini na sita", HAPANA, na Mama akasema basi mashine yako haikwenda shule. 3.6.5, NDIYO. Hapo alipiga makofi, anasema amekukamata mchana kweupe.

Ugomvi ukaja kwenye 36+. Mashine ilisema HAPANA, na Mama hajakubali mpaka naandika hapa. Unajua anavyofanya: kipimo anakiandika kwa chaki nyuma ya kitambaa, na akiona mteja atanenepa, au mtoto atarefuka, au binti ana siri yake tumboni, anaweka alama ya kujumlisha mwishoni. Maana yake kata thelathini na sita lakini acha ziada ndani ya mshono. Nilipomwambia mashine haiitambui, alivua miwani. "Hiyo ni namba kuliko hiyo 36 yake," alisema. "36 ni ya leo tu. Mwambie mashine yake haijawahi kuona mtu."

Anataka kipimo cha kifua chako. Anakushonea shati la kutokea huko. Amesema usikadirie, mwombe mtu akupime.

Miguu yake haijambo. Tumbo linamsumbua kidogo, si la kukutia wasiwasi.

Dada yako


Tarehe 11 Machi

Dada,

Nusura unitie matatani. Afisa anayesoma barua aliniita ofisini. Barua yako iko mezani na kidole chake kiko juu ya 36+. "Hii ni nini? Ni saa? Ni mlango?" Nikamweleza kuhusu chaki, mshono na ziada. Akaondoa kidole. Mwishowe akasema kumbe ndiyo maana gauni la mkewe lilifunguliwa likapanuliwa bila kiraka, na yeye alidhani fundi ni mchawi. Sasa barua yako ikija ananiuliza kabla hajanikabidhi: "Haya, mama kauliza nini?" Naye keshaisoma.

3.6.5 Mama amenipata kihalali. Nimerekebisha, inahesabu nukta, ikizidi moja inakataa. Alama ya kujumlisha na ya kutoa nimeziruhusu mwanzoni tu. Mwishoni haiwezekani. Mwambie sheria si yangu, hata Mwalimu alicheka nilipomuuliza. Karatasi mpya hii hapa.

Kifua changu ni 40. Nimenenepa, tunalishwa vizuri. Mwambie Mama asihofu upande huo.

Na hilo tumbo, mmekwenda hospitali?

Kitinda


Tarehe 29 Machi

Kitinda,

Tulikwenda. Wamempa dawa na wamesema apumzike.

Mama aliposikia 40 aliivuta futi yake shingoni, akaitazama, akasema, "Haya, nimesikia." Kitambaa ameshakikata. Cha kijivu, chenye mistari membamba, kile alichokuwa akikiweka chini ya sanduku na hataki mtu akiguse.

Maswali yake haya. 36 36, kwa ajili ya mteja mbishi ambaye lazima umpime mara mbili. HAPANA. Kumi kasoro robo, HAPANA. Halafu akaniambia niandike 40 lakini kwanza niache nafasi mbele yake. Ikasema HAPANA, na hilo limemuudhi kweli. "Mtu amevuta pumzi kabla ya kusema, unamnyima jibu?" Nakuomba hilo ulirekebishe, mimi ndiye ninayelala naye nyumba moja.

Siku hizi ananiita nimtungie uzi kwenye sindano. Shati lako analishona kwa mkono akiwa ameketi kitandani, cherehani tumeifunika. Ni uchovu wa dawa tu.

Dada yako


Tarehe 15 Aprili

Dada,

Pumzi ya Mama nimeitengenezea njia. Nafasi iliyo mbele inaondolewa kwanza, ndipo ukaguzi unaanza. Mwalimu kasema hilo watu wengi wanalisahau, na ameuliza huyo mjaribu wangu ni nani.

Cherehani imefunikwa? Mimi sijawahi kuiona imefunikwa mchana. Hata siku ya msiba wa Baba ilikuwa wazi, watu walikuwa wanaweka vikombe juu yake.

Nimekumbuka sare yangu ya darasa la kwanza. Alinipima mbele ya watoto wa jirani, akaandika 22 na alama yake mwishoni, kubwa. Nilidhani amenipa maksi nzuri. Nilitembea wiki nzima na kifua mbele, na ile sare ilinifaa mpaka darasa la nne. Nikitoka huku nina haja moja tu, kuketi kwenye kile kigoda kando ya miguu yake, cherehani inalia, yeye ananitukana kwa kila kitu nilichokosea tangu nizaliwe. Mengine yatafuata.

Ningekuambia uniandikie ukweli wote. Lakini tunajuana. Uliponiandikia kwamba yule mzee niliyemgonga kwa lori amefariki, nilikaa bila kula mpaka nikabebwa kupelekwa zahanati. Mtu wa namna hiyo si wa kupewa habari. Kwa hiyo sikuulizi. Najua ni tumbo tu.

Kitinda


Tarehe 12 Mei

Mwanangu,

Nimefika salama, mizigo yangu yote imefika. Nyumba yangu naiona kubwa. Nilizoea kuamka nikisikia dada yangu akikohoa upande wa pili wa pazia, sasa naamka kwa kimya.

Nakuandikia kwa jambo nililoshindwa kulisema siku ile ya mazishi kwa sababu ulikuwa umesimama kwa shida. Mama yenu tumemzika, wiki zinapita, na mdogo wako hajui. Jirani yako ameniambia kwamba barua yake imekuja akimuulizia mama na wewe umeiweka kwenye droo. Mwanangu, hilo si dogo. Huyo ni mtoto wake wa mwisho. Kila siku anayoamka akidhani ana mama, tunamdanganya sisi sote, na mimi nikiwemo kwa kunyamaza kwangu.

Najua unaogopa. Lakini atakuja kusimama mlangoni hapo na tabasamu lake, aite, na wewe ndiye utakayemjibu. Umefikiria utasema nini?

Mwandikie. Ukishindwa, niambie nimwandikie mimi.

Mama yako mdogo


Tarehe 16 Mei

Mama Mdogo,

Shikamoo.

Usimwandikie, nakuomba kwa heshima zote. Si mimi niliyeamua. Mama alinishika mkono wakati bado ana sauti, akasema, "Asijue mpaka avuke ule mlango. Wewe mpelekee maswali tu." Nilikubali. Ningekataaje? Kamati inafungua faili lake mwezi wa saba. Akiacha kula tena kama ile mara, wataandika kwamba hana utulivu, na atabaki huko mwaka mwingine. Mama alikufa akiamini kwamba Agosti mtoto wake yuko nyumbani. Hilo tu ndilo aliloondoka nalo.

Mchana niko dukani, natabasamu, nachapa barua za watu za kuomba kazi. Jioni naingia chumbani kwake, naketi kwenye kigoda na kufunua cherehani, kisha naifunika tena. Simlilii vizuri, Mama Mdogo, kwa sababu kila nikianza nakumbuka nina barua ya kuandika ambayo ndani yake yuko hai.

Kesho nitaiandika. Sijui maswali nitayatoa wapi. Kuna mwanafunzi wa chuo huja kutoa fotokopi, anasoma mambo haya ya kompyuta. Nitamuuliza yeye.

Mwanao


Tarehe 20 Mei

Kitinda,

Nisamehe kwa kuchelewa, dukani kulikuwa na kazi nyingi za mitihani ya shule. Mama anakusalimu. Amefurahi kwamba umeitengenezea njia pumzi yake.

Mwezi huu anakupa ngumu. Ya kwanza ni 1e5. Hiyo ni namna wataalamu wanavyoandika moja yenye sifuri tano. Ya pili ni 0x1F, ambayo ni hesabu ya kompyuta yenyewe, inayohesabu kwa kumi na sita badala ya kumi. Programu yako imesema HAPANA kwa zote mbili. Mama anasema zote ni namba halali, na kwamba inafaa uifikirie upya kazi yako kabla ya mtihani.

Hali ni nzuri. Shati linaendelea.

Dada yako


Tarehe 8 Juni

Dada,

Nimepata barua yako. Asante kwa kuandika ukiwa na kazi zote hizo.

1e5 nimeiruhusu. Herufi e inakubaliwa mara moja tu, na lazima iwe na tarakimu mbele na nyuma. Mwalimu ameshangaa nimeitoa wapi. 0x1F ameniambia niiache, si ya ngazi yetu. Mwambie Mama maswali yamenifaa.

Mimi nakula. Nakula kila kinacholetwa na kumaliza, hata uji wa asubuhi ambao unajua sikuupenda tangu utoto. Nalala vizuri. Mtihani ni tarehe 30 na nimejiandaa. Nimekuandikia haya mwanzo mwisho ili usibaki na swali.

Wewe je, unakula? Usikae peke yako jioni kwenye chumba cha cherehani. Mwite Mama Mdogo aje akae nanyi hata mwezi mmoja, atapunguza ukimya. Kama ukishindwa kuandika, usiandike. Sitahesabu.

Msalimie Mama.

Kitinda


Tarehe 2 Julai

Kitinda,

Nakuombea matokeo mema. Mama Mdogo amekuja, anapika na kunigombeza, nyumba imechangamka.

Mama hana swali mwezi huu. Amepumzika. Shati limekwisha, liko kwenye henga nyuma ya mlango. Anakusalimu sana.

Dada yako


Tarehe 14 Julai

Dada,

Weka mzigo chini sasa. Najua.

Nilijua ile siku ya 1e5. Mama hajawahi kuniuliza namba isiyokuwa na mtu ndani yake. Kila swali lake lilikuwa na mteja: huyu mbishi, huyu ana mimba, huyu kavuta pumzi kabla ya kusema. Nikaitazama hiyo moja yenye sifuri tano nikajiuliza, hiki ni kifua cha nani? Na Mama tangu lini akaniambia nifikirie upya kazi yangu? Mama angeniambia nimeharibu kitambaa.

Hata afisa aliona. Siku hiyo hakuniuliza mama kauliza nini. Alinipa barua mkononi, akasema, "Mama yako safari hii kaandika kama kitabu," halafu akageuza uso. Akaniruhusu nikae uani peke yangu mpaka kengele. Nilikaa. Kisha nikaenda kula, Dada. Nilitafuna kila tonge nikiwa nalia na sikuacha kitu kwenye sahani, kwa sababu nilijua mnaogopa nini.

Kuandika "msalimie Mama" ndiyo kazi nzito kuliko zote nilizofanya humu, na kuna siku tulipasua mawe. Lakini nilifikiri na wewe uko huko unaandika "Mama anakusalimu", basi nikaiandika. Nilitaka kukuachia mpaka nitoke. Nimeshindwa. "Amepumzika" imenishinda.

Nina hasira kidogo, sitakuficha. Ulinipa mama wa karatasi miezi miwili, na wa kweli sikumlilia na mtu. Itapita. Hasira kubwa zaidi ni ya kwangu mwenyewe, niliyekuandikia kwamba mimi si wa kupewa habari.

Niambie alivyokwenda. Usipunguze.

Kitinda


Tarehe 27 Julai

Mdogo wangu,

Nimesoma barua yako nimesimama barabarani nje ya posta, na mtu mmoja nisiyemjua akanishika bega akaniuliza kama nina mtu wa kumpigia. Nikamwambia ninaye.

Halikuwa tumbo tu. Lilikuwa ini, na hospitali walituambia tangu Machi kwamba wamefika mwisho. Alikufa Aprili, tarehe 21, asubuhi, dirisha likiwa wazi. Barua yako ya ile sare ya darasa la kwanza ilifika kesho yake. Nilimsomea kaburini, kwa sauti, jirani amenishikilia.

Siku mbili za mwisho sauti ilikuwa imekwisha. Nikamuuliza, "Swali la Kitinda mwezi huu ni lipi?" Akanyanyua mkono akafungua kiganja. Hakikuwa na kitu. Nikamuuliza, "Kitupu? Nimpe kitupu?" Akafumba macho na mdomo ukafanya kama anacheka. Sijui lilikuwa swali au alikuwa anaomba maji. Nilimpa maji.

Niliporudi dukani baada ya mazishi niliijaribu. Sikuandika chochote, nikabonyeza tu. Ikasema NDIYO. Nikabonyeza tena, ikasema NDIYO tena. Niliitazama mpaka mwenye duka akaja kuniuliza kama mashine imekwama. Sikuweza kukutumia hilo. Ningeandika nini?

Sasa lingine. Wewe ulisema kifua chako ni 40. Mama alinisubiri nitoke chumbani, nami nikasikia kutoka ukumbini akijisemea, "Mwongo huyu. Gereza gani linanenepesha?" Nilipokuwa napiga pasi shati lako kulitundika, nililigeuza kwanza. Nilitaka kuanza na ndani. Kwenye mshono wa ubavuni ameacha kitambaa cha vidole viwili kila upande, na pale chini, kwa chaki yake, ameandika 36+. Niliiweka pasi kando nisimalize.

Mdogo wangu, kifua chako ni ngapi?

Dada yako


Tarehe 9 Agosti

Dada,

Ni 36. Nilipimwa kwa kamba na jamaa wa kitanda cha pili, na ilipotoka 36 nikaandika 40, maana sikutaka ashone huku analia. Kumbe nilikuwa namdanganya mtu aliyenipima tangu siku niliyozaliwa.

Kamati imekubali. Natoka tarehe 31. Usije kunipokea getini, nitakuja mwenyewe kwa miguu yangu, nikusikie wewe ukiitika. Mama Mdogo abaki, nataka wote wawili muwe ndani.

Mtihani nimefaulu, si kwa kung'aa. Nilikosa sehemu mbili. Ya kwanza ni hicho kitupu. Mwalimu aliipa programu yangu kitupu ikasema NDIYO, akanikata. Nilidhani yeye ndiye wa kwanza kunikamata, kumbe Mama alimtangulia. Kosa lenyewe ni jepesi kulieleza. Programu yangu inatafuta kibaya. Pasipo na herufi hata moja hakuna kibaya cha kukuta, basi inafika mwisho na kusema NDIYO. Ilipaswa kwanza idai tarakimu, angalau moja, ndipo iendelee. Nimeirekebisha, karatasi hii hapa, ijaribu ukipata nafasi.

Nilipoielewa nilikaa kitandani muda mrefu. Barua zako tangu Machi nilizisoma hivyo hivyo. Nilitafuta habari mbaya, sikuikuta, nikasema Mama mzima. Sikudai hata neno moja lake mwenyewe la kuniambia mzima. Kwa hiyo usijibebeshe peke yako, Dada. Wewe ulinyamaza na mimi nikausoma ukimya ninavyotaka.

Sehemu ya pili nilikosa kwa kusudi. Katika karatasi ya mtihani niliruhusu alama ya kujumlisha ikae mwishoni. Nilikuwa nimeshajua kwamba hayupo, na mkono wangu haukukubali kumwambia HAPANA tena. Mwalimu ameandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba hilo ni kosa, na amesema kweli. Aliniuliza kama nataka kufuta na kuandika upya. Nikamwambia aache, anikate tu.

Cherehani uifunue siku hiyo. Vikombe tutaweka juu yake kama zamani. Na hilo shati usilimalizie pasi, wala usilifue, hata kama limekunjamana. Chaki itafutika.

Kitinda